Si Maji Yaliyowaua: Tarehe 3 Machi na Deni Letu Sisi wa Mto Tana



Nchi yetu ina kalenda mbili. Ya kwanza huchapishwa na serikali, nayo hutuonyesha siku za magwaride na hotuba. Ya pili haichapishwi popote. Hiyo huhifadhiwa vifuani mwa watu walioumizwa, na isipotunzwa hufutika pamoja na wazee wanaoikumbuka. Katika kalenda ya serikali, tarehe 3 Machi ni siku kama siku nyingine yoyote. Katika kalenda ya wananchi, ni siku ambayo dola ilitoa marungu yake mara mbili mbele ya macho ya ulimwengu: mara ya kwanza Hola, hapa kwetu, mwaka 1959, mara ya pili katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, mwaka 1992. Mara zote mbili siku ilikuwa Jumanne. Mara zote mbili waliopigwa hawakuwa na silaha. Na mara zote mbili kosa lao lilikuwa moja: walikataa kukubali kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Twaandika haya kwa sababu moja. Tarehe hii ni deni, na sisi wa Mto Tana ndio wadaiwa wa kwanza. Aidha, twataka kuonyesha kwamba deni hilo halitalipwa na serikali yoyote, hata ikiwa serikali nzuri. Litalipwa na wananchi wenyewe au halitalipwa kabisa.

JUMANNE YA KWANZA

Mwanzoni mwa mwaka 1959, hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ilikuwa imeingia mwaka wake wa saba. Wengi wa waliokuwa kizuizini walikuwa wamekwisha kuachiliwa. Miongoni mwa waliobaki walikuwako wale ambao wakoloni waliwaita wakaidi wasiobadilika, na hao waliletwa Hola, mahali penye joto kali na palipokuwa mbali na macho ya Nairobi. Walizuiliwa kwa amri ya serikali, si kwa hukumu ya mahakama. Kwa hiyo walisema kwamba wao ni wafungwa wa kisiasa, na kwamba hawakuwa na wajibu wa kumchimbia mkoloni mifereji ya kumwagilia mashamba yake.

Ndipo ukabuniwa mpango ambao hadi leo unajulikana kwa jina la John Cowan, afisa mkuu wa magereza aliyeuandaa. Mpango huo ulisema kwamba wafungwa wapelekwe kazini kwa makundi, na wakikataa, walazimishwe. Haukuwa wazo la askari mmoja aliyepandwa na hasira. Uliandikwa, ukapitia katika meza za wakubwa wa Nairobi, ukapewa kibali. Asubuhi ya Jumanne tarehe 3 Machi 1959, zaidi ya wafungwa 80 walitolewa kambini wakapelekwa kwenye eneo la mradi wa umwagiliaji, wakiwa wamezungukwa na askari wenye marungu. Waliokataa kushika majembe walipigwa. Walipigwa tena na tena, na wakubwa wa kambi wakishuhudia. Watu 11 walikufa, na wengine wengi wakabaki na majeraha waliyoyabeba maisha yao yote.

Na serikali ikasemaje? Tangazo rasmi lililotolewa Nairobi lilieleza kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka katika gari la maji lililotumiwa na wafungwa na walinzi wao.

Msomaji wa Garsen, tua hapa kidogo. Mtu aliyezaliwa kando ya mto huu anajua namna maji yanavyoua. Mafuriko huua. Mamba huua. Kipindupindu huua. Lakini hakuna maji yaliyopata kuacha alama za rungu mgongoni mwa mtu. Wakubwa wale walipotafuta mahali pa kuificha damu waliyoimwaga, waliona bora wayasingizie maji, kisha wakatumaini kwamba hapatatokea mtu wa kuja mpaka huku kuuliza.

Walikosea. Wapo waliouliza. Uchunguzi wa mahakama ulifanywa, na hakimu W. H. Goudie akatamka kwamba watu wale walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kulikotokana na kipigo. Bunge la Uingereza likajadili jambo hilo, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Enoch Powell, mbunge wa chama kilekile kilichokuwa kikitawala, alisimama akawaambia wenzake kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Waingereza na kipimo kingine kwa Waafrika. Miezi michache baadaye Iain Macleod alichukua wizara ya makoloni, naye alikuja kusema kwamba Hola ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwonyesha kwamba mabadiliko hayangeweza kucheleweshwa. Mwezi Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa, na mkutano wa kwanza wa katiba ukafunguliwa Lancaster House, London.

Hivyo ndivyo watu 11 waliolala katika udongo wa Tana walivyoisukuma Kenya kuelekea uhuru. Je, wauaji wao walipata adhabu gani? Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mkuu wa kambi alistaafishwa, wala hakunyimwa kiinua mgongo chake. Badala ya kuadhibiwa watu, jina la mahali ndilo lililoadhibiwa: Hola ikaitwa Galole, ili neno lenyewe lisahaulike. Jina la Hola lilirudi baadaye. Haki haikurudi pamoja nalo.

JUMANNE YA PILI

Twende sasa mbele miaka 33. Mwezi Desemba 1991, baada ya mapambano marefu ya viongozi wa dini, mawakili na wananchi wa kawaida, Kifungu 2A cha Katiba kilifutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Wengi walidhani kwamba usiku umekwisha. Lakini magereza yalikuwa bado yamewashikilia watu waliofungwa kwa sababu ya siasa. Ndipo tarehe 28 Februari 1992 kundi la akina mama, wengi wao wazee, wakatoka vijijini wakaenda Nairobi. Walimpelekea Mwanasheria Mkuu ombi lao, kisha wakaketi katika pembe moja ya Uhuru Park pamoja na Profesa Wangari Maathai na kuanza kufunga, wakisema hawataondoka hadi wana wao waachiliwe. Wananchi wakaiita pembe hiyo Freedom Corner.

Waumini mwakumbuka habari za Rispa binti Aya katika kitabu cha pili cha Samweli. Wanawe waliuawa kwa uamuzi wa wakubwa, naye hakuwa na jeshi wala hazina. Alitandika gunia juu ya mwamba akaketi hapo, akizilinda maiti zao zisiliwe na ndege mchana wala wanyama usiku, hata mfalme akasikia na kuona haya. Akina mama wa mwaka 1992 hawakuwa na silaha nyingine ila hiyo ya Rispa: kuketi mahali pa wazi na kukataa kuondoka.

Siku ya Jumanne, tarehe 3 Machi 1992, mkesha wa Jumatano ya Majivu, polisi waliwavamia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Profesa Maathai na wengine watatu walipigwa hata wakapoteza fahamu, wakapelekwa hospitalini. Baadhi ya wale wazee wakavua nguo zao mbele ya askari. Katika mila za watu wetu hakuna laana inayozidi hiyo, na askari kadhaa waligeuza nyuso zao. Hawakuweza kustahimili kumtazama mzazi waliyekuwa wakimpiga.

Nani aliwafungulia mlango? Kanisa. Akina mama wale walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache kutoka bustanini, na humo wakaendelea na mkesha wao kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Wana wao wakaachiliwa, wengine mwaka uleule wa 1992, wengine mwanzoni mwa 1993. Historia ya mageuzi ikiandikwa kwa haki, sakafu ya kanisa lile itatajwa kabla ya majukwaa mengi ya wanasiasa.

JE, NI SADFA TU?

Wapo watakaosema: hiyo ni sadfa. Mwaka una siku 365, na katika nchi yenye machozi mengi hapakosi mambo mawili kuangukia siku moja. Twakubali. Hatuhubiri unajimu, wala hatudai kwamba aliyetuma polisi Uhuru Park alifungua kwanza kitabu cha historia akatafuta siku ya Hola. Yamkini hakukumbuka kabisa. Na hapo ndipo penye hoja yetu. Mtawala hakukumbuka, na wananchi hawakumkumbusha.

Tarehe ni sadfa. Desturi si sadfa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika, lakini serikali mpya ilirithi sheria za kukataza mikutano, madaraka ya machifu na uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Ilirithi pia mazoea ya kikoloni ya kumtazama raia anayekataa kama mtu wa kuvunjwa, si mtu wa kujibiwa. J. M. Kariuki, aliyekuwa amepita katika makambi ya wakoloni na kuandika habari zake, alionekana kwa mara ya mwisho akiwa hai tarehe 2 Machi 1975, naye akakutwa ameuawa katika vilima vya Ngong. Yale ambayo makambi ya mkoloni hayakuweza kumtendea, alitendewa katika nchi iliyo huru.

Tena desturi ile ya uongo haijafa. Mwezi Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikufa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba aligonga kichwa chake ukutani. Wataalamu walipoichunguza maiti, walikuta majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe, na Inspekta Jenerali wa polisi akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa habari zisizo za kweli zilizotolewa. Mwaka 1959 yalisingiziwa maji. Mwaka 2025 ulisingiziwa ukuta. Katikati ya hayo mawili pana miaka 66, bendera nyingine, Katiba ya mwaka 2010, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017. Sheria njema tunazo. Kumbukumbu ndiyo tuliyopungukiwa, na sheria isiyo na watu wanaokumbuka kwa nini iliandikwa hulala kabatini.

MALAWI WALIKUMBUKA, NAO WANATUFUNDISHA

Yupo jirani ambaye kwake tarehe 3 Machi ni sikukuu ya taifa. Siku ileile, Jumanne ya tarehe 3 Machi 1959, wakati askari walipokuwa wakiwapiga wafungwa Hola, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari huko Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi. Dakta Hastings Banda alikamatwa alfajiri akapelekwa gerezani Rhodesia ya Kusini, mamia ya wafuasi wake wakatiwa mbaroni, na huko Nkhata Bay, kando ya ziwa, watu wapatao 20 wakauawa kwa risasi. Bunge la Uingereza lilijadili habari za Hola na habari za Nyasaland siku mbili zilizofuatana, mwishoni mwa Julai 1959. Malawi ilipopata uhuru, tarehe 3 Machi ikawa Siku ya Mashahidi.

Je, tuseme basi kwamba Malawi walifanya vema nasi tukafanya vibaya, na kwamba dawa ni kuiomba Nairobi siku nyingine ya mapumziko? La hasha. Sikilizeni habari yote. Banda, mfungwa wa tarehe 3 Machi, alikuja kuwa rais wa maisha mwaka 1971. Kila mwaka mashahidi walikumbukwa kwa heshima zote, na kila mwaka magereza yake yalijaa watu waliozuiliwa bila hukumu, chini ya chama kimoja ambacho hakikuvumilia swali. Mashahidi waliokufa kwa ajili ya uhuru waligeuzwa kuwa walinzi wa kiti cha mtu mmoja. Sikukuu ilikuwepo, ukweli wake ukawa umetolewa ndani kama yai lililofyonzwa.

Aliyekuja kuurudisha ukweli ule hakuwa waziri wala jenerali. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, siku tano tu baada ya akina mama wetu kupigwa Nairobi, maaskofu Wakatoliki wa Malawi walisomesha barua yao ya kichungaji katika parokia zote za nchi. Walisema wazi yale ambayo watu walikuwa wakinong'ona. Serikali ilighadhibika, lakini neno lilikuwa limekwisha kusomwa. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na mwaka 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi.

Funzo ni hili. Tarehe isiyokumbukwa hurudi. Lakini tarehe inayokumbukwa na serikali peke yake hugeuka kuwa pambo la mtawala. Hata sisi tuliliona hilo: tarehe 20 Oktoba, siku ambayo watu wengi walikamatwa mwaka 1952, iliitwa kwa miaka mingi kwa jina la mtu mmoja tu, Siku ya Kenyatta, hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipoirudisha kwa mashujaa wote.

Kinyume chake, itazameni Saba Saba. Hakuna gazeti la serikali lililoitangaza kuwa sikukuu nchini Kenya. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi walikwenda Kamukunji licha ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kuwekwa kizuizini siku chache kabla. Tarehe 7 Julai 1997 walirudi tena kudai mageuzi ya katiba. Tarehe 7 Julai 2025, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Kamukunji walitoka barabarani kwa jina lilelile, na kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Siku hiyo imeishi kwa sababu watu wameibeba wenyewe, kwa gharama kubwa.

"HAO HAWAKUWA WATU WETU"

Hoja ngumu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini hapa kwetu. Baadhi ya ndugu husema: waliouawa Hola hawakuwa Wapokomo wala Waorma wala Wawardei. Waliletwa hapa kwa pingu, wakafia hapa, na kumbukumbu yao ni ya watu wa bara.

Tujibu kwa unyenyekevu, lakini tujibu. Kwanza, mfereji waliopigiwa ulichimbwa katika ardhi yetu. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianzishwa kwa jasho la wafungwa, na hakuna aliyewauliza wenyeji kama waliutaka. Mwaka 1989 mto ulipohama mkondo wake, mradi ukakauka, na hasara ikawa ya wakulima waliokuwa wakiutegemea. Hiyo ndiyo hadithi ya miradi mingi ya Tana: huamuliwa mbali na huletwa kwa amri, na ikianguka huwaangukia wenyeji. Mtu aliyelazimishwa kuchimba na mtu aliyenyang'anywa malisho au shamba ili mfereji upite walidhulumiwa na mkono mmoja.

Pili, tunajua vizuri mno, katika Tana Delta, mwisho wa kuhesabu maiti kwa kabila. Chukueni tarehe 22 Agosti. Mwaka 1978, siku hiyo, Mzee Jomo Kenyatta alifariki katika Ikulu ya Mombasa, na kwa miaka mingi taifa liliikumbuka kwa ibada na mashada ya maua kaburini pake. Mwaka 2012, siku hiyohiyo ya tarehe 22 Agosti, katika kijiji cha Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa kwa mapanga, mikuki na moto, wengi wao akina mama na watoto. Kisasi kikafuatwa na kisasi: Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Huko Kilelengwani peke yake, tarehe 10 Septemba 2012, walikufa watu 38, wakiwemo polisi 9. Hatutaji hapa kabila la waliouawa wala la waliowaua. Kila msomaji wa Garsen anajua, na kujua huko ndiko kulikotuangamiza. Wafiwa wa upande huu wana tarehe zao, wafiwa wa upande ule wana zao, na hakuna tarehe hata moja ambayo sote twaketi chini ya mwembe mmoja kuililia.

Tarehe 3 Machi yaweza kuwa tarehe hiyo, kwa sababu ileile inayoifanya ionekane si yetu. Wale 11 hawakuwa wa upande wowote katika ugomvi wetu wa malisho na mashamba. Walikuwa wageni wetu wasio na ndugu wa karibu wa kuwalilia. Tukiweza kuwalilia wasio wa kabila letu, tutakuwa tumejifunza lile tulilolikosa mwaka 2012: kumtazama maiti na kuuliza kwanza ametendwa nini, kabla ya kuuliza ni wa nani.

Wapo pia watakaosema tusifukue makaburi. Kaburi la Hola halikufukuliwa na sisi. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni kwa miaka hamsini. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni, akaitaja Hola, akatamka masikitiko na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mwezi Septemba 2015 sanamu ya kuwakumbuka walioteswa wakati wa ukoloni ilizinduliwa Nairobi. Ilisimamishwa wapi? Katika Uhuru Park, pale pale Freedom Corner, pembe ambayo akina mama walipigwa tarehe 3 Machi 1992. Jumanne zile mbili zimekutana mahali pamoja. Ikiwa mwenye kosa alikwisha kukiri mbele ya bunge lake, aliyekosewa ananyamaza kwa ajili ya nani?

TUFANYE NINI

Hatuandiki haya ili msomaji atikise kichwa kwa huzuni kisha akunje karatasi. Twapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji kibali cha wizara.

Kwanza, Jumapili iliyo karibu na tarehe 3 Machi, ambayo miaka mingi huangukia Kwaresima, makanisa yote ya Tana River yasome habari ya Hola na habari ya Freedom Corner, na kengele zipigwe mara 11. Twawaomba masheikh na maimamu nao wazitaje habari hizo katika hotuba ya Ijumaa, kwa maana dhuluma haikuuliza dini ya mtu.

Pili, tufanye kama Yoshua alivyowaamuru Waisraeli walipovuka Yordani: yawekwe mawe, ili watoto wakiuliza maana yake, wajibiwe. Mawe 11 kando ya mfereji wa Hola yatatosha. Yabebwe na vijana wa jamii zote za mto, na asiwepo mwanasiasa wa kuandikwa jina lake juu yake.

Tatu, siku hiyo kila kanisa lichague watu wachache waende katika kituo cha polisi kilicho karibu, kwa amani na kwa adabu, wamwulize mkuu wa kituo maswali mawili: ni nani wamo ndani, na wameingia lini? Katiba, katika Kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Ibada isiyofika mlangoni mwa seli ni nusu ya ibada.

Nne, jukwaa la siku hiyo liwe la akina mama: waliofiwa Riketa na waliofiwa Chamwanamuma, waketi pamoja na waseme. Wakubwa wakija, karibu sana. Waketi chini pamoja na wengine, wasikilize, wala wasipewe kipaza sauti.

Tano, tulidai Bunge la Kaunti yetu huko Hola liweke historia hii wazi mbele ya umma, pamoja na majina yote 11, katika lugha ambayo watoto wetu wanaielewa. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja hata jina moja? Mkoloni aliwahesabu kama idadi. Tukiwaacha wabaki idadi, tutakuwa tumeimaliza kazi yake.

Vyama vingi tunavyo. Tulivipata mwaka 1991, na miezi mitatu haikupita kabla ya akina mama kupigwa chini ya Katiba ileile iliyoviruhusu. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba wingi wa vyama ndio mwisho wa safari. Chama hutafuta kura, nacho hukumbuka kile kinacholeta kura. Kazi ya kukumbuka mengine yote ni ya wananchi na ya nyumba za ibada.

Tarehe 3 Machi ijayo, msisubiri tangazo kutoka Nairobi. Pigeni kengele. Na mtoto akiuliza watu wale wa Hola walikufa kwa nini, mwambieni ukweli ambao serikali ya siku ile iliuficha: walipigwa hadi kufa na askari wa serikali kwa sababu walikataa. Maji ya Tana hayana hatia.